Jiwe la Chokaa

Mehnga Singh nilimfahamu kwa sauti kabla ya sura. Yeye alikaa peke yake mnarani, kwenye kisiwa kidogo mbele ya Singapuri, akipima umbali wa meli kwa darubini yenye kipimo cha kurekebishwa kila maji yanapojaa au kupwa. Mimi nilikuwa kisiwa cha pili, penye mizinga ya kikosi chetu, nikipokea simu yake. Kila asubuhi alipima kwanza jiwe la baharini lililopakwa chokaa, ambalo umbali wake tuliujua sote. Jibu likilingana, darubini ni nzima.

"Jiwe lako limehama leo, kaka?"

"Jiwe lipo, Basant. Kilichohama ni akili yako. Mmekula nini?"

Hakuacha kuuliza hilo. Kwetu Punjab mtu hali peke yake, naye alikuwa mwaka wa pili akila dengu zake akitazama bahari.

Nyumbani alikuwa na binti aliyezaliwa yeye akiwa huku. Likizo alipewa kwa sharti: apatikane wa kushika darubini kabla meli ya Jumamosi haijaondoka. Nikajitolea.

Siku ya majaribio, kule mnarani, Luteni alisimama nyuma yangu. Nikapima jiwe, likatoka mbali kuliko kawaida yake.

"Mara moja tena," Luteni alisema. "Ukikosea, Mehnga habanduki hapa."

Mehnga akaninong'oneza kwa Kipunjabi, "Mbona unalikodolea jiwe kama mchumba? Tazama maji yalipolishika. Bahari imejaa, na wewe kipimo umekiacha kwenye maji ya alfajiri."

Nikakipandisha kipimo. Jiwe likarudi mahali pake. Mehnga akaenda kufunga mzigo wake.

Hakurudi. Askari wa kijiji chao, aliyekuja na meli ya baadaye, alinipigia simu mnarani: Mehnga alifika, akambeba binti yake, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Halafu kipindupindu kikamchukua Mehnga.

Kesho yake nilipima jiwe, nikapiga simu. Alipokea mgeni kikosini, Teja.

"Jiwe sawa," akasema alipokwisha kuandika umbali.

"Mmekula nini?"

"Kaka, hilo nalo tulipigie mzinga?"

"Hapana. Niambie tu."

"Dengu. Na chapati, zimeungua."

Nikamuuliza alikaa kula na nani. Akawataja wote, mmoja mmoja.