Dakika ya Nne

Gereji walimwita Fundi Rangi, lakini kwao alikuwa Kitindamimba, maana baada yake Mama hakuzaa tena. Angezaa na nani? Baba alifariki mimba ikiwa na miezi saba. Moyo ulimgomea saa ya kazi, huko bohari alikokuwa karani, kalamu bado mkononi.

Baba huyo aliacha vitu vichache, na kimoja kilikuwa kichekesho cha mtaa mzima: kompyuta ya nyumbani ya zama zile, kibodi nene iliyochomekwa kwenye televisheni. Wenzake walichezea michezo; yeye alitunga muziki. Si kwa kupiga chombo, la. Aliandika namba, safu kwa safu, na ndani ya kompyuta mlikuwa na chipu moja nyeusi iliyozisoma na kuziimba. Chipu yenyewe ilikuwa na sauti tatu tu. Hata ukiipigia magoti haikupi ya nne.

Alipozaliwa Kaka, Baba alitunga wimbo wa sauti moja. Alipozaliwa Dada, akatunga wa sauti mbili. Kisha akafa, na hapo ndipo penye donda. Fundi Rangi alikuwa mtu mzima, ana watoto wake wawili na deni la mtu hana, lakini wataje wimbo wake mbele yake, utaona midomo inavyomcheza. Dada alizoea kumtania kwamba yeye alikuja kama nyongeza, ukinunua mbili unapewa ya tatu. Fundi Rangi alikuwa akicheka na wenzake, kisha anaenda msalani kulia. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: je, baba yake aliwahi kumwazia, hata mara moja, hata kwa noti tano?

Mwaka huu Kaka, mtu wa hesabu, alizitoa nyimbo zile kwenye diski kuukuu, akazitia kwenye vicheza muziki vya mfukoni, vidogo kama kiberiti, akamgawia kila mmoja chake na visikizio vya masikioni. Akamweleza mdogo wake jambo lililomwacha mdomo wazi: hii si rekodi. Hakuna sauti iliyohifadhiwa humo. Mna maagizo ya Baba tu, mepesi kuliko picha moja ya simu, na kila ukibonyeza, kidude kinajifanya ile chipu, kinayasoma maagizo upya na kuimba.

“Ni kama Baba anakiambia sasa hivi,” Kaka alisema.

Maneno hayo yalimganda. Akawa anasikiliza kutwa: wimbo wa Kaka, dakika tatu, kinakatiza, wimbo wa Dada, dakika tatu, kinakatiza, kinaanza tena. Aliona wivu, naam, lakini mshangao ulizidi wivu. Mama peke yake alikataa chake. Alisema hajaisikia sauti ile tangu mazishi na hana kifua cha kuanza leo.

Pale gereji alikuwepo mnyoosha bodi mmoja, Nyundo, aliyeuita muziki ule nyuki ndani ya kopo. Mdaku kupindukia. Fundi Rangi akienda kunawa, yeye anakiazima, anasikiliza, anachokonoachokonoa.

Asubuhi moja Fundi Rangi alikuwa anapuliza mkono wa mwisho, yaani tabaka la juu kabisa la vanishi, kwenye boneti ya gari la bluu. Wenye kazi yao wanajua kwamba mkono wa mwisho hauna mapumziko. Ukisimama katikati, vanishi inashika, na pale uliposimama patabaki mstari ambao hata kipofu ataupapasa. Alikuwa ndani ya ovaroli, kofia, miwani, barakoa na glavu. Kidude kilikuwa ndani kabisa, mfukoni, hakigusiki.

Wimbo wa Dada ukafika pale unapokatika siku zote. Haukukatika. Akajua kimeharibika, akamtukana Nyundo kimoyomoyo, akaendelea kupuliza, kwani angefanyaje? Zile sauti mbili zikazunguka, zikarudia, zikashuka. Kisha zikasogea. Sijui niseme vipi. Moja ilienda juu kidogo, nyingine ikajibana chini, kama watu kwenye benchi wanaompisha mwenzao akae. Na hapo katikati ikaingia sauti ya tatu.

Vinyweleo vilimsimama mwili mzima. Sauti ile ilianza na noti mbili, ikanyamaza, noti mbili tena, kisha ikashika njia na kuimba. Haikuwa nzuri kuliko nyingine, tusidanganyane. Huko juu ilikwaruza kidogo. Lakini ilikuwa ya tatu. Machozi yalimjaa ndani ya barakoa, miwani ikapata ukungu, na mkono, nakwambia, mkono haukutetemeka. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka ukingo wa boneti. Mtu aliyekufa kabla ya kumwona alikuwa anatoa maagizo, muda ule ule, sikioni mwake. Aliogopa, na hakutaka hofu ile imwishe.

Alipotoka kwenye chumba cha rangi, Nyundo aliyaona macho yake, akakiri kabla hajaulizwa. Muziki wa aina ile, alisema, haujui mwisho wake. Ukiuacha utaimba mpaka betri ife. Ndiyo maana kidude kimewekewa kikomo cha dakika tatu. Yeye alikiondoa kwenye wimbo wa pili, aone nyuki watachoka lini. Akaomba radhi, akasema atakirudisha. Fundi Rangi akamwambia akithubutu atamvunja vidole kwa nyundo yake mwenyewe. Kisha akampigia Kaka simu kumuuliza nani aliweka dakika tatu. Kaka akasema ni yeye, alikisia tu. Alipoelezwa kilichopo baada ya hapo, akasema anakiondoa kwenye chake sasa hivi.

Alasiri alikwenda kwa Mama, akamkuta anapiga pasi. Hakumweleza lolote. Alimbembeleza tu, mpaka Mama akaisimamisha pasi, akakubali kisikizio cha sikio moja, na mwanawe akachukua cha pili, akabonyeza wimbo wa Dada. Noti ya kwanza Mama alifumba macho. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zile sauti mbili zikaanza kusogea, na kabla sauti ya tatu haijaingia, mkono wa Mama ukashuka taratibu mpaka tumboni, ukatulia hapo.

“Hapa ndipo ulipokuwa unaamka,” Mama alisema. “Baba yako alikuwa ananisogezea televisheni. Ikifika hapa unapiga teke. Kila siku hapahapa. Anacheka mpaka anakaa chini.”

Fundi Rangi alimuuliza mbona miaka yote hiyo hakusema. Mama akajibu kwamba alidhani ni wimbo wa Dada tu. Yeye hakuwahi kujua kuhesabu sauti.

Noti mbili zikaingia, kimya, noti mbili tena. Kumbe wimbo wake alishausikia kabla hajazaliwa, na alishaujibu.