Daraja Lilifungwa kwa Ajili ya Wageni

Wenzake kazini walimwita Breki. Mwendo alikuwa hauogopi hata kidogo, ila mtu akimuuliza jambo, hata dogo kama saa ngapi, alisimama kwanza, akalipima, ndipo akajibu. Alikuwa dereva wa halmashauri ya jiji, na kazi yake ilikuwa kuendesha wageni. Aliipenda. Mgeni aliposhangaa jengo ambalo yeye alilipita kila siku bila kulitazama, naye aligeuza shingo akalitazama, na kwa muda mfupi alijiona mtu mwenye bahati kuishi pale.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Yeye na mkewe, fundi wa kushona mapazia, walipanga vyumba viwili juu ya duka la matairi. Mke alikuwa mjamzito, amekaribia kabisa, na mama yake alikuwa amesafiri kutoka mji mdogo walikozaliwa kuja kumwangalia. Tangu aweke begi chini, mama huyo hakuwa amepata kitu cha kusifu.

"Huu si mji," alisema asubuhi ile, akibamiza dirisha kuzuia vumbi na honi. "Hii ni foleni iliyojengewa nyumba pembeni."

"Mama jamani, asubuhi yote hii," bintiye akalalamika, mdomo umejaa pini. Hata na tumbo lile bado alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakunja upindo wa pazia la mteja.

"Nasema uongo? Maji yanakuja yakijisikia. Jirani mmeshirikiana ukuta, jina lake hulijui. Ukishikwa na uchungu hapa, nani atakubeba?"

Mke akatoa pini mdomoni moja moja. "Mama, hiyo ndiyo sababu napapenda. Yule jirani hajui jina langu, na wala hajui nimekaa muda gani kwenye ndoa bila mtoto. Kwetu nilikuwa natumwa chumvi, narudi na pole za mtaa mzima. Hapa nimepumua."

Mama akamgeukia mkwewe, aliyekuwa anafunga kamba za viatu polepole kuliko ilivyohitajika. "Baba, wewe ndiye mwenye mke. Gari la asubuhi bado lipo. Nimchukue akajifungulie nyumbani, au nimwache?"

Breki akasimama, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Abaki, mama. Hospitali kubwa iko ng'ambo tu ya daraja. Nitamvusha mimi mwenyewe."

"Haya," alisema mama mkwe. "Nimekusikia." Alilisema kama mtu anayeweka kitu kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Siku hiyo ndiyo waamuzi walikuwa wanatembezwa. Jiji lilikuwa limeingia kwenye shindano la miji inayofaa kuishi, na majuma mawili nyuma yalikuwa ya kupaka rangi: kingo za barabara, vigogo vya miti, hata mawe. Waamuzi walikuwa wawili. Mmoja mzee mwenye kofia pana, mpimaji wa ardhi mstaafu, mtu wa kucheka kirahisi. Mwingine mama mhandisi wa maji, mkimya, anayetazama chini ya vitu zaidi ya juu yake. Kiti cha mbele alikaa Afisa Itifaki wa halmashauri, kijana mwenye tai iliyombana na simu mbili zisizoisha kulia.

Waliwachukua hotelini, wakawapitisha kwenye soko jipya, halafu maktaba, halafu barabara yenye maua. Mzee alifurahi kupita kiasi. "Mji huu unapumua! Unajua, dereva, ningekuwa kijana ningehamia hapa kesho."

"Karibu sana, mzee," alijibu Breki, na moyo wake ukajaa kidogo, japokuwa alijua maua yale yalipandwa juzi na mengine yalikuwa bado ndani ya vikopo.

Walifika bustani ya mtoni, mahali pa chai. Daraja jipya lilionekana vizuri kutoka pale, jeupe, refu, na tupu. Hapakuwa na gari hata moja juu yake.

"Mbona hakuna magari?" aliuliza mama mhandisi.

"Msongamano tumeudhibiti, mheshimiwa," alisema Afisa Itifaki.

Breki akaangalia usukani. Alijua kilichofanyika. Polisi wa barabarani walikuwa wameweka vizuizi upande wa ng'ambo, upande wa kwao, ili wageni walione daraja katika uzuri wake na wapigwe picha wakilivuka. Daraja la zamani lilikuwa limevuliwa mbao likitengenezwa. Kwa hiyo nusu ya jiji ilikuwa imesimama ikisubiri watu wawili wamalize chai.

Mzee na Afisa Itifaki wakashuka, lakini mama mhandisi hakushuka. Miguu ilikuwa imemvimba. Alivua viatu, akaomba abaki garini apumzike kidogo.

Hapo ndipo simu ya Breki ilipolia.

"Baba." Sauti ya mama mkwe ilikuwa ya chini, haina ukali hata chembe, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Anatoka damu. Nyingi. Mkunga wa zahanati amesema hapa hapafai, akimbizwe hospitali kubwa. Muuza gesi ametupakia kwenye pikapu yake. Sasa tumekwama hapa darajani, askari wanasema hapapitiki."

"Mwambie askari ni dharura!"

"Nimemwambia! Nimempigia magoti, baba. Anasema amri imetoka juu, akifungua kabla wageni hawajavuka atamwaga unga. Na hata angetaka, mbele yetu kuna magari hayana hesabu. Anaanza kusinzia. Nampiga makofi asilale."

Breki alishuka garini bila kujua ameshuka. Alimkuta Afisa Itifaki karibu na meza ya chai, akamvuta kando kwa mkono wa koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mkubwa yeyote.

"Bosi, naomba daraja lifunguliwe. Mke wangu yuko kizuizini, anavuja damu."

Rangi ilimtoka kijana. Hakuwa mtu mbaya. Alibonyeza simu moja, ikawa inatumika. Akabonyeza nyingine, ikaita mpaka ikakata. "Mkuu wa usalama barabarani hapokei. Ngoja... wapiga picha bado hawajafika. Wakifika tu tunavuka, na kizuizi kinaondolewa. Dakika chache, kaka. Vumilia dakika chache."

"Ukifungua na magari yakaanza kutoka yote kwa pamoja, pikapu itapita lini?"

Afisa alibonyeza tena simu ile ile. Nyuma yake mzee wa kofia alikuwa anacheka na mhudumu, kijiko kinagonga kikombe, na kila mlio ule Breki aliusikia kwenye meno.

Safari hii hakusimama kupima. Alirudi mbio, akaingia garini, akawasha. Gari la wageni lilikuwa na bendera ndogo na kibali kikubwa kiooni. Ndilo gari pekee jijini ambalo askari wa daraja walikuwa wameagizwa walipishe.

"Tunaondoka?" aliuliza mama mhandisi kutoka nyuma.

Alikuwa amemsahau kabisa. "Shuka, mama. Tafadhali shuka haraka. Mke wangu yuko ng'ambo anakufa, nakwenda kumchukua. Sina ruhusa. Usije ukaingizwa kwenye kesi yangu."

Mama mhandisi alimtazama kwenye kioo. Akafunga mkanda. "Endesha."

Afisa Itifaki alikimbia nyuma yao mpaka getini, tai imeruka begani, akipunga mikono yote miwili. Breki alimwona akizidi kuwa mdogo kiooni, kisha hakumwona tena.

Daraja lilikuwa lao peke yao. Alikuwa amelivuka mara nyingi akitambaa nyuma ya malori, akiota siku atakapolikuta wazi. Sasa lilikuwa wazi, na lilionekana refu kuliko barabara zote alizowahi kuendesha. Mikono yake iliteleza kwenye usukani kwa jasho.

Upande wa pili askari waliona bendera, wakasogeza kizuizi, wakapiga saluti. Mbele yao palikuwa na bahari ya magari. Watu walikuwa wameshuka, wamesimama kwenye jua, wengine wamekaa juu ya boneti, wanawatukana askari, wanatukanana wenyewe kwa wenyewe. Walipoiona bendera, matusi yote yakageukia gari la wageni. Mtu mmoja akapiga ubavu wa gari kwa ngumi. "Haya, mmeshiba chai?"

Breki akafungua mlango, akapanda juu ya kiti, akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mke wangu yuko nyuma huko kwenye pikapu ya mitungi ya gesi! Mjamzito! Anatoka damu! Gari ni hili! Nisaidieni!"

Yule yule aliyepiga ngumi akageuka, akaweka viganja mdomoni. "Pikapu ya gesi! Mjamzito! Mleteni mbele!" Sauti ikachukuliwa na mwingine, na mwingine, ikarudi nyuma gari kwa gari mpaka haikusikika tena. Breki akaanza kukimbia kuifuata, akipita kati ya vioo vya magari, lakini hakufika mbali. Aliwaona wanakuja. Wanaume na wanawake asiowajua walikuwa wamemlaza mkewe juu ya pazia, kitambaa kizito cha mteja ambacho mama mkwe alikinyakua wakitoka mlangoni, wameshika pembe zote, wanamvusha juu ya boneti za magari kwa kupokezana. Dereva wa lori alikuwa juu ya tela akielekeza: "Huku, huku! Funga mlango wako wewe! Polepole kichwa!" Nyuma alikuja mama mkwe, kiatu kimoja mguuni, akilitaja jina la bintiye bila kupumzika.

Walimwingiza garini. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Mama mhandisi, bado peku, akakaa sakafuni, akaipakata miguu ya mgonjwa na kuiinua kifuani pake.

"Zungumza naye," alimwamuru mama mkwe. "Usiache."

"Mama," mgonjwa alisema, midomo inasogea kwa shida. "Pazia la watu litaharibika."

"Liharibike! Nitalishona mimi!" mama akamjibu kwa ukali, na machozi yakimtiririka. Hakuwahi kushika sindano maishani mwake.

Hospitalini walimpokea kwa machela na kumpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mlango ukafungwa. Breki alibaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono imemning'inia, shati lina damu, na kwa mara ya kwanza akayasikia aliyoyasema asubuhi. Abaki. Nitamvusha mimi mwenyewe. Alimngojea mama mkwe afungue lile kabati lake. Hakulifungua. Alikaa kwenye benchi karibu na mama mhandisi, akavua kile kiatu kimoja kilichobaki.

"Wewe ndiye mgeni wao?" alimuuliza.

"Ndiyo, dada."

"Umekuja kusema kama hapa panafaa kuishi."

"Ndiyo."

"Basi sema hapafai. Mji gani unafungia watu wake barabara ili mgeni aone lami? Waandikie hivyo."

"Nitawaandikia," alisema mama mhandisi. "Lakini wale waliombeba, dada. Nimekaa mji mmoja maisha yangu yote, maji hayakatiki, barabara safi. Sijui kama ningebebwa hivyo."

"Hao?" Mama mkwe akaguna. "Ukirudi sasa hivi utawakuta wanatukanana."

"Najua. Nimewasikia."

Afisa Itifaki alifika akihema, na mzee wa kofia nyuma yake. Aliona shati la Breki, akazizima simu zake zote mbili. Mzee alivua kofia. "Dereva, sikujua," alisema. "Nilikuwa nakunywa chai tu. Kwetu daraja tumeahidiwa tangu nikiwa kijana mpaka leo, tunavuka kwa pantoni. Nililitazama lile nikasema hawa wamebarikiwa. Bado nasema ni daraja zuri. Ila sikujua."

Breki alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira naye. Hakuwa na kitu chochote ndani yake isipokuwa ule mlango.

Ulipofunguliwa alitoka daktari, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya uchovu. "Mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia vizuri. Mama tumemwongezea damu. Alikuwa amefika pabaya sana. Usiku wa leo tutamwangalia kwa karibu, ila nadhani atavuka." Breki alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso.

Halmashauri ilimwondoa kwenye gari la wageni, ikampa lori la taka. Mama mhandisi alimtetea, ndiyo sababu hakufukuzwa kabisa. Matokeo ya shindano yalipotangazwa, jiji halikushika nafasi ya juu wala ya mwisho. Ilisemekana waamuzi wale wawili walibishana mpaka wakaacha kusalimiana. Breki hakufuatilia. Sasa kila anapopanda lile daraja na lori lake, hata foleni ikiwa imejaa, viganja vinamtoka jasho, naye huvifuta kwenye suruali mpaka afike ng'ambo.

Mama mkwe alisema ataondoka bintiye akipata nguvu. Nguvu zikarudi, akasema ngoja mtoto akaze shingo. Bado anabamiza dirisha kila asubuhi. Juzi mdogo wa mke alipiga simu: amepata nafasi ya kazi jijini, je, aje?

"Njoo!" alisema mke kutoka kwenye cherehani. "Njoo, utapapenda."

Mama akampokonya simu. "Usithubutu! Kaa huko huko ulipo."

"Jamani, nimsikilize nani?" sauti ikalia kutoka kwenye simu. "Shemeji yuko wapi? Shemeji, wewe unasemaje?"

Breki alikuwa anamtembeza mtoto chumbani, shavu lake dogo begani. Akasimama. Wote wawili wakamwangalia, mama mkono kiunoni, mke ameinua mguu kwenye pedali ya cherehani. Aliwaza, akawaza tena.

"Shemeji," alisema mwishowe, "njoo kwanza kututembelea. Lakini usifikie hotelini. Lala hapa kwetu, maji yakikatika yakukute ndani. Halafu useme mwenyewe."