Floribert na Maji ya Mgongo

Hospitalini Bukavu, Floribert alikuwa muuguzi wa kushika watu. Mgonjwa akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, yeye ndiye aliyemkunja ubavuni mpaka magoti yakaribie kidevu, akamtuliza, ili daktari amchome sindano kiunoni na kutoa kidogo ya yale maji yanayozunguka ubongo. Maji yakiwa safi, watu walipumua. Yakiwa na ukungu, matibabu yalianza papo hapo.

Ndugu waliolia mlangoni aliwafukuza bila huruma. "Muende inje! Hii ni kazi ya watu ya roho nguvu." Habari za hiyo roho nguvu aliwasimulia majirani zake wa Kadutu kila Jumapili baada ya misa, kikombe cha kasiksi mkononi, na kadiri pombe ya ndizi ilivyopungua ndivyo roho ilivyozidi kuwa nguvu.

Basi siku moja mke wake, Georgette, akaamka na homa na maumivu ya kichwa.

"Iko malaria tu, maman," akasema Floribert, akampa kinini.

Kesho yake homa ikapanda. Georgette akatapika, akaomba dirisha lifungwe kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Dalili hizo Floribert alizijua kama Baba Yetu. Akamwambia ainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua. Shingo ikakataa. Mtu wa roho nguvu akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kujitafutia uongo. Labda ni ule mzigo wa mihogo aliobeba kutoka Nyantende. Labda ni mto. Naam, mto ulikuwa mgumu sana! Akaubadilisha, akaijaribu shingo tena, kana kwamba ugonjwa ungeona haya na kuondoka.

Adélaïde, mdogo wake Georgette, alikuwa amesimama akimtazama.

"Shemeji, kama ingekuwa bibi ya mutu mwingine, ungesema nini?"

"Ningesema apelekwe hospitali sasa hivi."

"Na huyu?"

Floribert alikuwa amekwisha kutoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kuwaita majirani walete kipoyi cha kubebea wagonjwa. Walimbeba Georgette mabegani kuteremka mlima wa Kadutu, Floribert akitangulia na kupiga kelele watu wapishe njia ambayo haikuwa na mtu.

Daktari, Mbelgiji mzee, alimtazama mgonjwa, kisha akamtazama muuguzi wake.

"Floribert, muache muuguzi mwenzako Donatien amushike. Huyu ni bibi yako."

"Hapana, Bwana Dokta. Mimi nimezoea."

Akamkunja mkewe kama alivyokunja wengi. "Usitikisike, maman," akamnong'oneza. Georgette hakutikisika. Aliyetikisika ni yeye. Tone la kwanza likadondoka kwenye chupa, lina ukungu kama maji yaliyolowekwa mihogo, na hilo ndilo jambo la mwisho Floribert alilokumbuka. Donatien alimwahi Georgette akamshika barabara. Floribert hakuwahiwa na mtu, ila na sakafu.

Alizindukia kwenye benchi la nje, Adélaïde kando yake.

"Sindano ilitoka muzuri. Wanamutia penisilini na vidonge vya sulfa."

"Na mimi?"

"Wewe wamekutia bandeji."

Bandeji yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi. Donatien hakubania kitambaa. Ukoo wa Georgette ulipofika kutoka Nyantende, wakamwona Floribert kwanza. Shangazi mmoja akampapasa paji la uso, akamwombea rozari nzima, akamlisha uji aliomletea mgonjwa. Floribert alitaka kumweleza. Lakini alikuwa na njaa, na uji ulikuwa na sukari.

Jioni ile Georgette akaanza kuweweseka, akimwita marehemu mama yake. Hapo bandeji haikuchekesha tena. Floribert alilia mlangoni kwa sauti, kama mtu yeyote, na hakuna aliyemfukuza.

Sindano ziliendelea mchana na usiku. Homa ikashuka polepole, macho yakastahimili mwanga, na asubuhi moja Georgette akainamisha kichwa kuangalia kilichokuwa bakulini. Daktari alipomchoma tena kiunoni, maji yalitoka safi kabisa. Floribert aliyaona baadaye, ndani ya chupa, akiwa ameketi. Mwenyewe ndiye aliyeomba kiti.

Ugonjwa uliondoka na sikio la kushoto la Georgette. Daktari alisema huenda lisisikie tena. Floribert aliipokea habari hiyo kwa uchungu, akamuuliza mkewe, usiku wa kwanza nyumbani, amsaidie vipi.

Georgette akajilaza juu ya sikio la kulia, lile zima.

"Usijali, papa Floribert," akasema, akivuta blanketi. "Miaka yote hii umekoroma. Leo nitalala."

Akalala kweli. Floribert akabaki macho, akimsikiliza anavyopumua.