Udi wa Bi Mkubwa

Mimi Adija sina pua. Ipo usoni, nzuri tu, ila tangu ile homa ya mwaka jana hainusi kitu. Mavi ya kuku na marashi kwangu sawasawa. Siri hiyo anaijua mdogo wangu Kadija peke yake, maana mpika udi asiyenusa, nani atanunua kwake? Hapa mjini Masoko bibi harusi hatolewi bila udi wangu.

Basi nikawa napika kwa macho. Sukari ikigeuka rangi natia vijiti vya udi, natia marashi, namkabidhi mume wangu Abdurahmani awapelekee wateja. Na wateja wakasifu, wallahi. Nikajiona fundi hata bila pua.

Kilichoniua ni wivu. Abdurahmani ana mke wa pili, Salima, yuko Nangurukuru. Zamani akitoka kwake nilikuwa nanusa kanzu tu, najua kakaangiwa nini na kafukiziwa nini. Nikishajua, roho inatulia. Sasa zamu ya kule ikiisha anarudi, anakaa karibu yangu, nami sipati habari yoyote. Nashinda nikimwona yule binti kichwani mwangu, kajifukiza mpaka nywele.

Ijumaa moja nikashindwa. Nikampa Kadija ile kanzu, nikamwambia anuse aseme ukweli. Akanusa, akarudia. Akasema ni udi wangu, tena ule mzuri wa zamani.

Damu ikanipanda. Kumbe mwanamke hakutosheka na mume, kaiba na mapishi! Nikavaa baibui, nikapanda bodaboda mpaka Nangurukuru, na njia nzima napanga matusi.

Nikamkuta uani anakoroga sufuria. Pembeni yake makopo yangu, yenye jina langu, yako wazi, na udi wangu umemwagwa kwenye ndoo ya taka. Nikamuuliza kama kasikia nimekufa.

Salima akaipua sufuria kwanza. Akaniamkia, sikuitika.

"Bi mkubwa, udi wako unaungua tangu mwezi wa Shabani," akasema taratibu. "Bibi harusi mmoja aliurudisha analia. Mume wetu akaniletea niupike upya, na kila kopo tangu siku hiyo limepita hapa. Tuliogopa kukwambia."

Matusi yote yakaniishia mdomoni. Sifa zote zile, kumbe zake. Heri angekuwa mwizi! Mwizi ningemkamata nywele, nikarudi kwangu nimeridhika. Huyu kalilinda jina langu, siri yangu anayo, mume wangu anaye, na pua anayo. Sijawahi kumwonea wivu wa mume kama nilivyomwonea wivu wa ile pua.

Nikaketi mkekani. Nikachukua kipande cha udi wake, nikakitia kwenye chetezo, nikauinamia moshi mpaka macho yakatoka machozi. Wapi.

"Niambie unanukiaje," nikasema.

Akasogea, akanusa, akainamisha uso.

"Kama ule niliofukiziwa siku naolewa," akasema. "Nilimtuma shangazi aje kununua kwako, asiseme ni wa nani. Sikutaka wa mtu mwingine."

Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikamshika mkono, nikamwambia anuse tena, asiache kunisimulia.