Hadubini Isiyovurugwa

Hapana, hakuna aliyeiba kikombe, nani kakudanganya? Ni mama yako mkubwa alisimama mbele za watu akasema mtoto wa watu arudie shindano, watu wakadhani kapandwa na wivu. Na wivu alikuwa nao, tena wa kumwagika. Ngoja nikwambie vizuri, usinikatize.

Mama yako mkubwa na mama yako mdogo wote walimu wa baiolojia, mmoja shule ya huku, mwingine ya ng'ambo ya barabara. Mkubwa ndiye aliyeyaanzisha hayo mashindano ya maabara. Si ya kuandika majibu, la. Mtoto anapewa panzi ampasue, anapewa jani alipime kama lina wanga, anawekwa kwenye hadubini aangalie ngozi ya kitunguu achore alichokiona. Mkubwa anaazima vifaa, anapanga meza, anabembeleza waamuzi. Na mdogo? Mdogo anakuja kapendeza, anacheka na kila mtu, anaondoka na kikombe. Kila mwaka! Ungekuwa wewe ungelala?

Hata nyumbani, bibi yako akimsifia mdogo kwenye simu, mkubwa anasugua sufuria mpaka inataka kutoboka.

Siku hiyo alishika mwenyewe meza ya hadubini. Kazi ya pale ni ndogo, lakini ndiyo roho ya shindano: mtoto akimaliza, unazungusha lile gurudumu la pembeni hovyo hovyo, picha ipotee, ubaki ukungu mtupu, ili anayefuata naye ahangaike kuitafuta. Wenyewe wanaita kuvuruga. Usipovuruga, anayekuja anakuta nusu ya kazi imeshafanywa.

Basi akavuruga, akavuruga, asubuhi yote. Mara akasikia kicheko dirishani. Kugeuka, mdogo kasimama na mwamuzi mkuu, mzee mmoja wa miwani ambaye mkubwa alimfuatilia mpaka miguu ikawaka moto ndipo akakubali kuja.

"Mwalimu," mzee anamwambia mdogo, "mmeyaandaa vizuri kweli. Hongera!"

"Asante, mzee wangu. Tunajitahidi."

Tunajitahidi! Yeye ambaye hata kitunguu hakumenya! Mkubwa roho ikamchemka, macho yakaganda dirishani, mkono ukasahau kazi yake. Aliporudisha macho mezani, binti wa shule ya mdogo, wanayemwita Kijiti kwa wembamba, kashakaa, jicho kwenye hadubini, penseli inakwenda. Gurudumu binti wala hakuligusa, picha aliikuta tayari. Akachora seli safi kabisa, akanyanyuka kabla kiti hakijapata joto.

Mkubwa akajua. Na hakuna mwingine aliyejua.

Pointi zikajumlishwa. Kijiti wa kwanza, mtoto wa shule ya mkubwa wa pili. Hapo ndipo, mwanangu, mama yako mkubwa aliponasa. Akinyamaza, mdogo anaondoka na kikombe kwa kosa lake yeye. Akisema, nani atamwamini, na wa pili ni wake? Na yeye mwenyewe, akijichungulia moyoni, hakujua kinachomsukuma ni haki au ni donge.

Akasema hivyo hivyo. "Jamani, ngojeni. Hadubini sikuivuruga kabla ya huyu binti. Kosa langu. Naomba arudie."

Maabara nzima ikaguna. Mdogo akamsogelea, sauti chini lakini kali.

"Dada, hata mbele ya watoto?"

"Nasema kweli."

"Kweli inayosubiri matokeo? Ungeshinda wewe ungeisema?"

"Sijui," mkubwa akajibu. "Sijui kabisa. Muulize mtoto wako."

Kijiti akainamisha kichwa. "Niliikuta inaonyesha, mwalimu. Nikadhani kwenye mashindano ndivyo huwa."

Watu wakaangua kicheko. Mdogo hakucheka.

"Wewe, dada? Wewe unayekagua mpaka njiti za kiberiti, umesahauje?"

"Nilikuwa nakutazama wewe unavyopokea hongera zangu."

Mdogo akamvutia Kijiti kiti cha hadubini. Kisha akasema, "Arudie. Na uvuruge kwelikweli."

Mkubwa akavuruga kama anayekamua nguo. Kijiti akakaa. Safari hii picha ikamgomea. Anazungusha huku, haiji; kule, haiji. Mkubwa kifuani tumaini likaanza kuchipua, akalionea aibu, lakini halikuondoka. Mara penseli ikaanza kwenda. Kijiti kashinda tena, kwa pointi kiduchu.

Unadhani wivu uliisha? Uliongezeka! Maana sasa hana hata kisingizio. Akamkabidhi mdogo wake kikombe kwa mikono miwili, anatabasamu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Mdogo akamgeukia yule mwamuzi. "Mzee, ile hongera haikuwa yangu. Mwenye kazi yote hii ni dada yangu. Nilipaswa kukwambia pale pale."

"Umechelewa," mkubwa akasema.

"Nimechelewa. Utaninunia mpaka lini?"

"Nikishiba nitakwambia. Watoto, kanaweni! Na sabuni, mmeshika panzi!"

Wakaenda kunawa, wakaingia bwaloni, njaa imeshawatoa macho. Mkubwa akajikalia mwisho wa benchi, peke yake. Mdogo akaja na sahani mbili, akamsukuma kwa nyonga.

"Sogea, dada."

Akasogea. Kidogo tu, nusu ya makalio ya mtu, lakini akasogea. Mzee wa miwani naye akavuta kiti, Kijiti akajibana kwa wenzake, na wote wakakaa wakala.