Mjomba Morup Alikataa Mara Tatu

Kwetu Ladakh, milimani kaskazini mwa India, mtu akikaribishwa chai akaipokea mara ya kwanza, hata kama kiu inamkata koo, wenyeji watamtazama kwa jicho la pembeni na kujiuliza amelelewa wapi. Mara ya kwanza unakataa. Ya pili unakataa huku umefunika kikombe kwa kiganja. Ya tatu unakataa, lakini kiganja kinalegea, na mwenyeji anamimina. Ndivyo tulivyo, na asiyetujua atadhani sisi ni watu tusiokula wala kunywa.

Kwa hiyo Mjomba Morup alipokataa kwenda Lungmar, Diskit hakushtuka hata kidogo.

Alimwendea asubuhi akamkuta zizini anamsugua farasi mweusi. Diskit alikuwa na miaka ishirini na tisa. Miaka sita alikuwa ameongoza wageni milimani chini ya makampuni ya watu wengine kule mjini Leh, na safari hii ilikuwa ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Wageni wanane wangefika baada ya siku kumi na mbili. Chakula kilikuwepo, mahema yalikuwepo, mpishi alikuwepo. Alichokosa ni mtu wa kuwavusha mto.

Na mto wa Lungmar ni mto mshenzi, nisiwafiche. Daraja lake lilichukuliwa na mafuriko miaka mitano iliyopita na hakuna aliyelijenga tena. Kila kiangazi unahamisha kokoto zake, palipokuwa na maji ya goti mwaka jana leo panameza farasi. Asubuhi unapitika, lakini jua likishaichoma barafu ya juu, kufika adhuhuri maji yananguruma. Kuna vivuko vitano mpaka kijiji cha mwisho. Mwaka ule uliofuata mafuriko, mwalimu mmoja na mkewe walikosea kivuko cha tatu kwa hatua kama kumi, na miili yao ilipatikana mwezi wa kumi maji yalipopungua. Wenye farasi wengine walikuwa wameshauza wanyama wao wakanunua teksi. Aliyebaki anayejua kuyasoma maji yale ni Morup, kaka wa mama yake Diskit.

"Mjomba, nakuomba univushie wageni wangu."

"Hapana, mwanangu. Tafuta mtu mwingine."

"Mwingine hakuna."

"Mimi nimezeeka. Niache."

Diskit akatabasamu, maana hivyo ndivyo mzee mwenye adabu anavyojibu. Kesho yake akarudi na jibini kavu na fuko la aprikoti. Mjomba akasema, "Sitaki, Diskit. Nimesema sitaki," na Diskit akajisemea moyoni kwamba mjomba naye kwa maringo hajambo. Siku ya tatu alikwenda na mama yake, Mama Yangchan, na Smanla mpishi, na wakachukua khatak, kile kitambaa cheupe cha heshima. Mama Yangchan akamvika kaka yake shingoni mbele ya majirani. Morup alikataa mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Mkono wake uliinuka kama unataka kukivua kile kitambaa, kisha ukashuka. Khatak ikishavaliwa hairudishwi, kila mtu anajua. Smanla akapiga makofi.

Ndipo keshoye wakakaa wanne jikoni kwa Mama Yangchan kupanga safari. Morup alikaa juu karibu na jiko, mahali pa mkubwa, na khatak yake shingoni. Smanla alifuata. Diskit, ingawa safari ni yake, alikaa chini kabisa karibu na mlango, ametandaza karatasi mbele yake na penseli mkononi. Mama Yangchan alikuwa anasukasuka chai ya siagi.

"Siku ya kwanza tunalala malishoni," Diskit alisema. "Siku ya pili, chini ya mlima mwekundu. Ya tatu tunafika kivuko cha kwanza jioni, tunalala hapo, ya nne alfajiri tunavuka."

"Na wanakula nini hawa?" Smanla akauliza. "Wale wa mwaka jana walitaka mayai kila asubuhi. Mayai, juu ya farasi! Nilibeba kapu kifuani kama mama mwenye mapacha."

"Watakula unga wa shayiri kama wewe."

"Watakufa."

"Hawatakufa kwa shayiri," Mama Yangchan alisema, na wote wakacheka, ila Morup, ambaye hakuwa mtu wa kucheka sana.

Wiki iliyopita Diskit alikuwa amepanda peke yake mpaka juu ya genge, akapiga picha za vivuko vyote vitano ili mjomba aone kokoto zilivyohama. Akasogea, akaketi kando yake, akamshikisha simu.

"Hiki cha kwanza, Mjomba."

"Mh. Tupite chini ya mwamba, kama siku zote."

"Cha pili."

"Hapa ni kule juu, maji yanapogawanyika."

Diskit aliandika. Cha tatu, kile kilichomuua mwalimu, mjomba alikitazama muda mrefu, akasema pale mkono wa kushoto. Cha nne akakijibu upesi. Diskit akapitisha kidole ili amwonyeshe cha tano, na kidole kikateleza, kikaruka picha moja mbele.

"Hapa pazuri," Morup alisema. "Maji yametulia. Ona yalivyotanda. Farasi wa kwanza apite hapa katikati."

Kwenye simu alikuwa Mama Yangchan, dada yake mwenyewe wa tumbo moja, amekaa uani anamenya njegere, anacheka, na pengo lake la mbele liko wazi.

Diskit alidhani anataniwa. Alimtazama mjomba usoni akingoja acheke. Mjomba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya ile simu kwa makini, na macho yake yalikuwa yametulia mahali pasipo na picha.

"Umeandika?" akauliza.

"Naandika, Mjomba."

Aliogopa kama alivyokuwa hajaogopa tangu utotoni. Alikumbuka kwamba jana mjomba alimsalimia Smanla baada tu ya Smanla kukohoa. Akitembea, mkono wake haubanduki kwenye shingo ya farasi. Na mwezi wa nane mwaka jana farasi mmoja alikwenda na maji kivuko cha tatu pamoja na mahema, na wote wakasema, masikini, ameteleza.

"Mjomba," alisema, "njoo kwanza unitazamie yule farasi anayechechemea."

Hakukuwa na farasi aliyechechemea. Morup alinyanyuka, akamfuata, vidole vyake vikigusa ukuta, kisha mwimo wa mlango, kisha ukuta tena. Diskit alikuwa ameviona vidole vile vikifanya hivyo mara mia na hakuwahi kuvitazama.

Zizini akamwambia polepole, "Ile picha ya mwisho haikuwa mto. Alikuwa Mama."

Mjomba akapapasa mpaka akaipata shingo ya yule farasi mweusi.

"Anafanya nini?"

"Anamenya njegere."

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Basi ni yeye," alisema Morup.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Jicho la kushoto tangu mwaka wa daraja. La kulia likafuata. Naona mwanga. Naona cheusi na cheupe. Mto wote ni kijivu tu."

"Na ukakubali kuwachukua watu wanane!"

"Nilikataa." Hakupandisha sauti. "Nilikataa mara tatu, Diskit. Wewe ukazihesabu kuwa adabu."

Diskit akaegemea mlango wa zizi.

"Ningekataaje tena? Kwetu 'hapana' ni neno la mtu anayetaka kubembelezwa. Jingine sikufundishwa."

"Ungesema huoni."

"Nimwambie nani? Mama yako? Angenitoa zizini siku hiyo hiyo. Ningewekwa juani ukutani na wajukuu wa watu, nifukuziwe nzi." Akashusha pumzi. "Nimeshavaa khatak, majirani wameona. Nitakwenda. Huyu mweusi anaujua mto."

"Na yule wa mwaka jana hakuujua?"

Mjomba akampapasa farasi shingoni. "Usimwambie mama yako. Nakuomba."

"Simwambii."

Akamwahidi, na papo hapo akajuta. Akinyamaza, baada ya wiki mbili kasoro watu wanane na Smanla wangeingia majini nyuma ya mzee asiyeona, na huyo mzee ndiye aliyembeba mgongoni tangu baba yake alipofariki. Akisema, amemuua palepale bila mto. Alisimama akishika mlango wa zizi mpaka mbao zikamuumiza kiganja. Mwishowe akakata shauri kwamba kama ni aibu, aitwike yeye.

Waliporudi jikoni Morup alikaa mahali pake. Diskit hakukaa.

"Hatuvuki mto," alisema. "Tutafika kivuko cha kwanza, tutapiga kambi, tutarudi."

Mama Yangchan aliweka birika chini. "Umesema nini?"

"Hatuvuki. Naogopa."

"Unaogopa nini na mjomba wako yupo?"

"Naogopa tu, Mama."

"Si ungeogopa juzi! Nimemvika kaka yangu khatak mbele ya watu, nimezunguka nyumba kwa nyumba natangaza mwanangu sasa ana safari yake, leo unaniambia unaogopa? Hao wageni wanatoka ng'ambo ya dunia waje waone ukingo?"

"Nitawaandikia leo. Asiyetaka asije."

"Hawatakuja hata mmoja," Mama Yangchan alisema kwa hasira.

Smanla hakuwa mtu mbaya, lakini ulimi wake haukuwa na mlango. "Eh, kiongozi," alisema, "wengine hulowa kwanza ndipo waogope. Wewe umelowa ukiwa jikoni. Nikupe kazi ya kumenya viazi, mimi niongoze?"

"Ongea unavyotaka."

"Sasa nitawaambia nini watu? Kwamba tuna mtu bora wa mto katika Ladakh nzima, na woga wa msichana wa Yangchan unatushinda?" Akamgeukia mzee. "Mjomba Morup, hebu mtie moyo mpwa wako. Mimi hapa siwezi kuogelea hata kwenye bakuli. Mwaka jana si nilijifunga kwako kwa kamba kiunoni? Nilivuka nimefumba macho, mwanzo mpaka mwisho. Nifumbue ya nini, wakati wewe unaona?"

Diskit alimtazama mjomba, akatikisa kichwa amkataze, na hapo hapo akakumbuka kwamba kutikisa kichwa hakumsaidii mtu.

"Sioni," alisema Morup.

Smanla akacheka. "Huoni nini?"

"Sioni. Wewe sikuoni. Dada yangu simuoni. Mtoto haogopi mto, ananificha mimi."

Mama Yangchan alifungua mdomo ukabaki wazi. Akasogea hatua mbili mbele ya kaka yake, akainua mkono karibu na uso wake, akaupitisha kushoto, akaupitisha kulia. Macho ya Morup hayakuufuata. Akaurudisha ule mkono akauziba nao mdomo wake.

Smanla alikuwa bado ana tabasamu usoni, amelisahau pale.

"Na mwaka jana?" akauliza.

"Na mwaka jana."

"Safari tatu, Mjomba. Vivuko vitano kwenda, vitano kurudi. Mara thelathini."

"Ndiyo."

"Yule farasi aliteleza."

"Hakuteleza. Nilimpeleka mimi penye kina."

Smanla alijishika kiunoni, pale kamba ilipokuwa.

"Nina watoto watatu," alisema.

"Najua," Morup alisema. "Kila tukiingia majini nilikuwa nawahesabu."

Smanla aliokota kofia yake, akaishika tu bila kuivaa, akapita mbele ya Diskit bila kumtazama. Alivuka kizingiti kwa hatua za taratibu, za mtu anayepita chumba chenye mgonjwa.

Morup alikuwa amegeuza uso kuelekea mahali Smanla alipokuwa amekaa.

"Smanla," aliita.

Akangoja. Kisha akageuza kichwa upande wa jiko, halafu upande wa mlango, akitafuta.

"Ametoka?" akauliza.

Mama Yangchan alikuwa analia. Diskit akaenda akapiga magoti mbele ya mjomba wake, akamshika mikono yote miwili.

"Ametoka, Mjomba," akamwambia.