Mfuko Uliotazama Chini

Koti lilirudi kazini Jumanne, saa ya chai, limekunjwa ndani ya boksi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Liliondoka pale miaka kumi na tisa nyuma, jipya, limepigwa pasi mpaka linajiona. Sasa limerudi viwiko vimechakaa, kola imeliwa na ndevu za mtu, na lina harufu ya moshi wa kuni ambazo hakuna mtu wa pale aliyewahi kuzikata.

Aliyelifungua ni Fumua. Jina hilo hakupewa na mama yake, maana hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemwita mwanawe Fumua. Alipewa na wifi yake, mbele za watu, siku yake ya kwanza ya kazi, na likamganda kama gundi ya viatu. Siku hizi hata mumewe akisahau humwita hivyo, kisha hula chakula baridi.

Kazi yake ilikuwa meza ya marekebisho, ile iliyo chini ya dirisha kubwa. Kampuni yenyewe ilikuwa ya hizi zinazoitwa za biashara ya haki. Pamba ilitoka kwa wakulima wanaojulikana kwa sura. Mlango haukupigwa kufuli watu wakiwa ndani. Saa za kazi zilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, asije mtu akajifanya hakuona. Kila nguo ilikuwa na lebo yenye jina la aliyeishona, na nguo ikichanika, popote pale duniani, mwenyewe aliruhusiwa kuirudisha itengenezwe. Wageni walikuja mara kwa mara kupiga picha na kuwauliza mafundi kama wana furaha.

"Mimi nawaambia ninayo," alikuwa akisema Mkasi, mzee wa kukata vitambaa, "ila leo nimeiacha nyumbani, mke wangu anaitumia."

Fumua alishapokea nguo nyingi za kurudi, lakini hakuzizoea. Yeye hajawahi kuvuka hata mto wa maana, na hizi nguo, zilizotoka kwenye meza hizi hizi zenye makombo ya mkate, zilikuwa zimekwenda zikaona mambo na kurudi bila kusimulia. Alilikung'uta koti, na kutoka kwenye pindo likaanguka jani moja jembamba, kavu, lenye ncha.

"Mkasi, njoo uone. Huko majani yao ni sindano."

Mkasi akaliokota, akalijaribu kwenye kidole. "Sasa wanatutaka sisi wa nini, kama hata miti yao inashona?"

Msimamizi akaja na barua iliyokuwa ndani ya boksi. Msimamizi huyu alikuwa binti wa yule wifi, kwa hiyo nyumbani Fumua kwake ni mkazamjomba, mke wa mjomba wake, na kazini ni fundi tu kama wengine. Msichana mwenyewe alikuwa hodari wa kompyuta, lakini sindano ilimshinda. Mtoto wa fundi, akitokwa na kifungo, alikwenda kutafuta pini.

Akaisoma barua ile kwa lugha ya kueleweka. Mwenye koti ni mzee anayelinda njia ya reli milimani, anatembea kwa miguu kukagua vyuma, hata siku ambazo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Amelivaa koti majira kumi na tisa ya baridi. Anaomba litengenezwe bitana, maana kitambaa cha ndani kimechanika. Kisha ameandika hivi: "Ila tafadhali, kifuani upande wa kushoto msipaguse. Pana unene pale, pana joto kuliko kwingine. Vidole vikifa ganzi huvipeleka hapo. Sijui mlitia nini."

"Tulitia nini?" akauliza Mkasi.

"Hatukutia kitu," akasema msimamizi. Akaipindua lebo. Jina lilikuwa limefutika kwa kufuliwa, lebo imebaki nyeupe kama jino. "Na hii bitana imekwisha. Utaratibu unasema ikifika hapa, tunafumua lote, vipande tunavitumia kwingine, na yeye tunampelekea jipya. Gari la mizigo linaondoka saa kumi. Mama Fumua, fumua."

Mkasi akacheka peke yake. Utani ule alikuwa ameusikia mara elfu, na haukuwahi kumchosha.

Fumua akakaa, akachukua kile kisu kidogo cha kufumulia, akakunjua ukingo wa koti ili aanzie pindoni. Kisha akakiweka kisu chini.

Mishono ya pindo ilikuwa imelala upande usio wake.

Mshono wa mkono hulala, kama manyasi. Ya mafundi wote wa kiwanda kile ililala kulia, midogo, imefuatana. Hii ililala kushoto, yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama manyasi yaliyopigwa na upepo uliotoka kwingine. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyeshona hivyo. Watu walimwita Shoto. Alikuwa dada wa mumewe Fumua, mama wa msimamizi, na amelala kaburini mwaka wa nne huu.

Shoto, ulimi wake ulikuwa na pilipili, mkono wake una asali. Ndiye aliyemleta Fumua kazini, na ndiye aliyemwaibisha. Siku ile ya kwanza Fumua alipewa koti atie mfuko wa ndani, upande wa kushoto. Akautia vizuri, mshono mzuri hata yeye akajishangaa, ila aliutia kichwa chini. Mdomo wa mfuko ukatazama sakafu. Shoto akaliinua koti juu watu wote waone. "Tazameni wifi yangu! Ameshona mfuko wa kumwagia! Mtu akitia ufunguo jikoni, ataukuta sebuleni! Fumua, mwanamke, fumua!" Kiwanda kizima kikacheka mpaka cherehani zikanyamaza. Fumua akaenda kulia msalani. Aliporudi, koti halipo, na Shoto anapiga kelele kwa mnyapara wa wakati ule, "Nimeshafumua mwenyewe, nimeshona upya, tuendelee!"

Tangu hapo, miaka yote ile, wakala sahani moja, wakauguzana, wakazikiana wazazi, na Fumua hakumsamehe. Alimwambia tu kwamba amemsamehe, jambo ambalo si sawa. Na Shoto alipofariki, nguo zake na vyombo vyake viligawiwa ndugu, na Fumua akaambulia lile jina.

Sasa mkono wa Shoto uko mbele yake, mzima, haujakatika hata uzi mmoja pale pindoni. Na yeye ameambiwa aufumue kabla ya saa kumi.

Akaenda na koti mpaka meza ya msimamizi.

"Mwanangu, hili alishona mama yako."

Msichana hakuinua macho kwenye kompyuta. "Mkazamjomba, mama alishona makoti mia."

"Na mangapi yamerudi?"

Vidole vikasimama juu ya vitufe, kisha vikaendelea. "Utaratibu hauna shangazi wala mjomba. Nikianza na la mama yangu, kesho nitaambiwa nini?"

"Utaambiwa ulikuwa na mama." Fumua akaona amepiga mahali panapouma, akalegeza sauti. "Nipe mpaka saa kumi. Likisimama kwa miguu yake, linakwenda. Lisiposimama, nalifumua mwenyewe, na wala hutaniona nikinuna."

"Wewe? Usinune?"

"Nitanunia nyumbani."

Msichana akamwonyesha mlango kwa kidevu, lakini mdomo ulikuwa umeanza kutabasamu.

Fumua hakulifumua. Alipekua ndani mpaka akapata, karibu na kwapa, mahali ambapo bitana ilikuwa imeachia yenyewe, upana wa kiganja. Akapitishia mkono hapo, polepole, kama mkunga. Kidole kikakuta kitambaa, kisha kikakuta kitambaa kingine. Bitana zilikuwa mbili. Hakuna koti lenye bitana mbili. Kampuni ile ilipima kitambaa kama dawa.

Akafika kifuani, upande wa kushoto. Kweli palikuwa na unene. Akaugeuza ndani nje, taratibu, mpaka ukachungulia kwenye mwanya, ukakutana na mwanga wa dirisha.

Mfuko. Umeshonwa kwa uzi wa bluu badala ya mweusi, mshono mzuri hata wa kujishangaa, umelala kulia. Mdomo unatazama sakafu.

Fumua akautazama mfuko. Akajiona na mikono yake ya miaka ile, isiyo na makunyanzi. Kuuzunguka mfuko wote, karibu karibu na ule uzi wa bluu, palipita safu nyingine ya mishono, midogo kuliko punje ya mtama, imelala kushoto. Shoto hakufumua kitu. Aliufunga ule mdomo usimwage, akaukazia pande zote, hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. Kisha akaufunika kwa bitana ya pili, na juu yake akatia mfuko mpya uliosimama sawasawa.

"Mkasi," akaita. "Zamani zile, mtu akikosea juma la majaribio, alifanywa nini?"

Mkasi alikuja na futi shingoni. "Kwani hukumbuki? Kwa mnyapara yule? Akiona kosa kwa macho yake, au matundu ya kufumua, jina lako linaandikwa, na ukiandikwa, kwaheri. Hiyo haki ya siku hizi ilikuwa bado iko njiani." Akainama. Akaona uzi wa bluu, akaona ule wa kushoto uliouzunguka. Mzee yule, ambaye hata msibani hakukosa neno, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Ikanyamaza inayofuata. Mafundi wakaja mmoja mmoja, wakasimama kuizunguka meza, mikono nyuma, kama watu walioingia chumba cha mtoto mchanga. Waliomjua Shoto wakaangalia chini. Wasiomjua wakauliza kwa minong'ono, wakaelezwa, nao wakasogea karibu.

"Ndiyo maana alipiga zile kelele," akasema Fumua. "Mnyapara alikuwa anakuja. Alitaka naye acheke, asiliangalie koti."

Msimamizi akapenya katikati ya mabega. "Saa kumi kasoro robo. Umefumua?"

"Lete kidole."

Msichana akatoa kidole, kile kidole kisichojua sindano. Fumua akakipitisha juu ya mishono iliyolala kushoto, akakizungusha, mpaka kikarudi kilipoanzia.

"Huyu ni mama yako. Na huu wa bluu, huyu ni mimi. Nilikuwa mjinga sana, unaona? Na yeye alikuwa mwongo sana."

Msichana hakukiondoa kidole. Akauliza, kama mtoto, "Ndani mna nini?"

Fumua akaubonyeza mfuko. Ukasinyaa kidogo, ukajaa tena.

"Hamna kitu. Hewa. Hewa ya humu ndani, ya siku ile."

Wote wakainua macho kuitazama hewa, hivyo hivyo walivyo, watu wazima na akili zao. Miaka kumi na tisa mzee wa watu alikuwa akipeleka vidole vyake kule milimani, kwenye theluji, vikapashwe joto na aibu ya mwanamke mmoja na uongo wa mwingine.

Msimamizi akajikohoza. Akashika kalamu na ile fomu ya marekebisho, maana mtu asiyejua afanye nini na machozi hutafuta fomu. "Sehemu zilizofumuliwa?"

"Hakuna."

"Kasoro zilizoonekana?"

"Andika: mfuko mmoja, uko kichwa chini. Uachwe ulivyo."

Akaandika. Gari la mizigo likapiga honi nje, na msimamizi akatoka mwenyewe kwenda kumwambia dereva anywe chai kwanza, na akimaliza, anywe nyingine.

Wakagawana kazi. Mkasi akakata bitana mpya kwa pale palipooza tu, akapima mara tatu yeye ambaye hupima mara moja na kujisifu mara mbili. Mwingine akageuza kola. Fumua akaushona ule mwanya wa kwapani, na akapiga mishono yake ubavuni mwa ile ya Shoto, hii imelala huku, ile kule, ikakutana katikati kama watu wawili wanaosukumana kwa mabega wakienda sokoni.

Ikabaki lebo. Sheria ya nyumba ile ni kwamba nguo haitoki bila jina. Msimamizi akaiandika mwenyewe kwa ule wino usiofutika, akauliza, "Niandike la nani?" lakini kabla hajajibiwa alikuwa ameshaandika yote mawili: Shoto na Fumua.

Fumua akaitazama muda mrefu. Jina lile alikuwa hajawahi kuliona limeandikwa. Likiwa pale, pembeni ya lile jingine, lilionekana kama jina la mtu.

Akaibandika kwa bandi, mishono ya muda, akaishona pembe nne, akakata uzi kwa meno. Mkasi akachungulia juu ya bega, akaruka.

"Bi Fumua! Lebo umeishona kichwa chini!"

Kweli. Majina yote mawili yalikuwa yanatazama sakafu. Fumua akaweka mkono mdomoni, macho makavu kabisa, uso wa mtu asiyejua hata sindano ina tundu.

"Mungu wangu! Basi leteni kisu, nifumue."

"Thubutu," akasema binti wa Shoto, akalikunja koti, akalipeleka kwenye gari.